Wanyama Hawatakukimbia: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Katika Visiwa vya Galápagos

Aliyekulia karibu na mbuga za Afrika Mashariki anajua tangu utotoni kwamba mnyama wa porini ama atakukimbia, ama atakukimbiza. Swala hushtuka na kutimka. Nyati husimama akakukazia macho. Nawe hubaki ndani ya gari kwa sababu askari wa hifadhi amekuagiza, na kwa sababu roho yako nayo imekuagiza hivyo hivyo. Hofu ya pande mbili ndiyo inayoweka nafasi kati ya mtu na mnyama.

Galápagos hofu hiyo haipo. Visiwa hivi vilizaliwa na volkeno katikati ya Bahari ya Pasifiki, kama kilomita 1,000 magharibi ya pwani ya Ekuador, na havijawahi kuungana na bara lolote. Wanyama wake waliishi vizazi na vizazi bila simba, bila fisi, bila mbwa, bila binadamu. Hawakujifunza kukimbia kwa kuwa hapakuwa na wa kukimbiwa. Ndege ataendelea kuatamia mayai yake huku kiatu chako kikiwa hatua moja kutoka kwenye kiota. Iguana ataota jua mahali pale pale unapotaka kukanyaga. Nafasi yote iliyo kati yako na wao ni wajibu wako peke yako, na hapo ndipo watalii wengi wanaposhindwa.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Visiwa hivi vilipokea wageni wa namna nyingine. Maharamia na wawindaji wa nyangumi waligundua kwamba kobe mkubwa anaweza kukaa hata mwaka mzima bila chakula wala maji, basi wakawapakia wakiwa hai ndani ya ngama za meli, wakawachinja mmoja mmoja safarini. Kobe waliochukuliwa hivyo hukadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Hata Charles Darwin, aliyefika mwaka 1835 kwa meli ya Beagle, alipanda juu ya migongo ya kobe, akamvuta iguana mkia, akamrusha mwingine baharini mara kadhaa aone kama atarudi. Wenzake melini walikula nyama ya kobe na kutupa magamba baharini. Hakuna mnyama aliyewakimbia wote hao.

Ninayoyaandika hapa yatawaudhi baadhi ya watu wanaodhani kwamba nauli waliyolipa imewanunulia ruhusa. Haijawanunulia. Ardhi ya visiwa hivi, takribani asilimia 97, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1959, na bahari inayovizunguka ililindwa kisheria mwaka 1998. Mengi katika haya ni sheria ya nchi ya watu. Machache ni hukumu yangu mwenyewe, na nayo naisimamia.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Chagua meli ndogo yenye kibali cha Hifadhi. Sheria hairuhusu meli ya utalii kubeba abiria zaidi ya 100, na nyingi hubeba 16 tu, kwa sababu mwongozaji mmoja haruhusiwi kuongoza zaidi ya watu 16 akiwa nchi kavu. Chukua hizo za watu 16. Kundi likiwa dogo, mnyama husumbuliwa kwa muda mfupi, nawe utamsikia mwongozaji anasema nini. Uliza jina la meli, uliza kama mwongozaji ana cheti cha Hifadhi, uliza ratiba kamili ya visiwa. Anayekuuzia safari akibabaika kwenye lolote kati ya hayo, ondoka.

Usiombe ratiba ibadilishwe. Njia ya kila meli imepangwa na Hifadhi, na meli hairuhusiwi kurudi mahali pale pale ndani ya siku 15, ili njia za miguu na viota vipate kupumua. Nahodha hana mamlaka ya kukupeleka kisiwa ulichokiona kwenye picha ya rafiki yako. Usimwekee fedha mkononi ajaribu.

Usilalamikie majira. Kuanzia Desemba hadi Mei kuna joto, mvua za hapa na pale na bahari tulivu. Kuanzia Juni hadi Novemba mkondo baridi wa Humboldt hutawala, mawingu hushuka, manyunyu ambayo wenyeji huyaita garúa hulowesha vilima, na mawimbi huwa makali. Miezi hiyo ya baridi ndiyo bahari inapojaa chakula na ndege wengi hulea makinda. Albatrosi wa kisiwa cha Española hufika Aprili na kuondoka Desemba; ukienda Februari hutamwona, na mwongozaji hana pa kumtoa.

Beba ada ya Hifadhi taslimu. Tangu Agosti 1, 2024, mgeni mtu mzima kutoka nchi za nje hulipa dola 200 za Kimarekani, na mtoto chini ya miaka 12 nusu yake kwa wageni wengi. Ongeza dola 20 za kadi ya kuingilia visiwani, ambayo hutolewa kwenye uwanja wa ndege wa Quito au Guayaquil kabla hujaruka. Ekuador hutumia dola ya Marekani kama fedha yake tangu mwaka 2000, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Usibishanie bei.

Shughulikia viza mapema, na anza na nchi utakazopitia. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja, na mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania akipitia Marekani anahitaji viza ya Marekani hata kama hatatoka nje ya uwanja wa ndege. Weka na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwenye mkoba wa mkononi.

Sugua viatu vyako. Hili nalisisitiza kuliko viza. Chukua brashi na sabuni, utoe udongo wote kwenye soli, fungua mifuko ya suruali uipindue nje, kagua mshono wa begi, toa kila mbegu iliyoning'inia kwenye soksi. Usibebe matunda, mbegu, maua wala mimea. Ubuyu wa Zanzibar una mbegu ndani: uache nyumbani. Maofisa wa karantini watapekua mizigo yako bara na watakupekua tena ukifika, na dawa ya wadudu hupulizwa ndani ya ndege. Usikunje uso kwa dharau wala kumwuliza ofisa kama mambo yote haya ni ya lazima.

Ni ya lazima, na sababu yake iko wazi kwenye visiwa vyenyewe. Mwaka 1959 wavuvi waliwaachia mbuzi watatu kwenye kisiwa cha Pinta ili siku nyingine wapate nyama. Katika muda wa miaka kumi na kitu walikuwa makumi ya maelfu, na kisiwa kikabaki kipara. Kobe wa Pinta walikuwa tayari wameliwa na mabaharia. Mbuzi wakala chakula cha waliobaki. Mwaka 1971 akaonekana dume mmoja tu, aliyeitwa George Mpweke, akahamishiwa kituo cha utafiti kule Puerto Ayora. Alitafutiwa majike wa aina za karibu kwa miaka mingi bila kupata mtoto. Alikufa Juni 24, 2012, na aina yake ikaisha naye. Kwenye kisiwa cha Isabela ilibidi mbuzi zaidi ya 100,000 waondolewe kwa wawindaji na helikopta, kazi iliyokamilika mwaka 2006.

Mpera nao, mti ambao kwetu kila mtoto amewahi kuupanda, kule ni adui. Uliletwa na walowezi, ukatoroka mashambani, na leo umefunika sehemu kubwa za nyanda za juu. Kobe hula mapera na kusambaza mbegu kwa mavi yao. Na kuna nzi mdogo aliyeingia bila mtu kumwona, aitwaye kitaalamu Philornis downsi. Hutaga mayai ndani ya kiota, na funza wake hunyonya damu ya makinda wa wale ndege wadogo waliopewa jina la Darwin. Kiota kizima huweza kufa kwa siku chache. Hakuna aliyemleta nzi huyo kwa makusudi. Aliingia kama vile mbegu yako ingeingia.

Ndani ya meli

Sikiliza maelekezo ya usalama hata kama umezaliwa pwani na umeogelea kabla ya kutembea. Vaa jaketi la kuokolea kila unaposhuka kwenye boti ndogo ya mpira. Unapovuka kutoka ngazini hadi botini, mikono yako yote miwili iwe mitupu. Kamera iwe ndani ya begi. Baharia atakunyoshea mkono: mkamate kwenye kifundo cha mkono naye akukamate kwenye chako, si kiganja kwa kiganja, kwa sababu viganja vilivyolowa huteleza. Subiri akwambie ukanyage.

Kunywa dawa ya kichefuchefu kabla moyo haujachafuka. Meli nyingi husafiri usiku ili alfajiri ziwe zimetia nanga kwenye kisiwa kingine, na ndogo huyumba sana. Chumba cha chini katikati ya meli huyumba kidogo kuliko cha juu chenye dirisha kubwa. Wanaochagua dirisha hukesha wakitapika.

Usitupe kitu chochote baharini. Ganda la ndizi, kipande cha mkate, nyuzi za meno, hapana. Usijifariji kwamba bahari ni kubwa. Januari 2001 meli ya mafuta iitwayo Jessica ilikwama karibu na bandari ya San Cristóbal na mafuta yakavuja. Upepo na mikondo viliyasukuma mengi nje, na watu wakashukuru kwamba wanyama waliokufa papo hapo walikuwa wachache. Kwenye kisiwa cha Santa Fe yalifika mabaki kidogo tu. Watafiti waliokuwa wakiwahesabu iguana wa baharini kule walirudi mwaka uliofuata wakakuta asilimia 62 wamekufa. Iguana hawa hula mwani, na wanaushibia kwa msaada wa vijidudu vya tumboni. Watafiti walishuku kwamba mafuta hayo kidogo yaliua vijidudu, na wanyama wakafa kwa njaa huku matumbo yamejaa. Mtu aliyepita ufukweni wiki ile ya ajali angekuambia kila kitu ni salama.

Funga pazia la chumba chako usiku. Wadudu huvutwa na taa, hutua kwenye meli, na kesho yake wanashushwa kisiwa kingine ambacho hakijawahi kuwaona.

Amka unapoamshwa. Boti ya kwanza huondoka mapema, mara nyingi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kundi zima la watu 15 halipaswi kukusubiri wewe utafute kofia, na Hifadhi inataka kila mtu awe ameondoka nchi kavu jua linapozama, saa kumi na mbili jioni.

Wasalimie mabaharia kwa majina yao. Jifunze maneno machache ya Kihispania. Bakhshishi hutolewa siku ya mwisho, kwa bahasha, na usiitumie kama fimbo ya kuwatishia siku zilizotangulia.

Nchi kavu

Kaa mita mbili kutoka kwa kila mnyama. Mita mbili ni urefu wa mtu mrefu aliyelala. Pima kwa macho kabla ya kuinua kamera, pima tena baada ya kupiga picha, kwa sababu jicho likishaingia kwenye kioo cha kamera miguu husogea yenyewe.

Mnyama akija kwako, rudi nyuma. Atakuja. Mtoto wa simba bahari atakufuata ufukweni anuse vidole vyako. Ndege mdogo atatua kwenye kiatu chako. Kama huna pa kurudi, simama wima, mikono kifuani, umwache apite. Usimnyoshee mkono. Usipige magoti ili uwe "wa kirafiki".

Na huyo mtoto wa simba bahari umkutaye peke yake, akilia juu ya mchanga, hakuachwa. Mama yake ameingia baharini kuvua, na huenda akakaa huko siku nzima au zaidi. Akirudi atamtafuta kwa sauti, kisha atamhakikisha kwa harufu. Ukimshika utamwachia harufu ya mafuta ya jua na sabuni, na mama akimnusa akakuta harufu hiyo aweza kumkataa. Mtoto aliyekataliwa hafikishi wiki mbili tatu. Mguso wako wa sekunde tano waweza kuwa ndio uliomwua, na wewe utakuwa nyumbani unaonyesha picha.

Kwa msomaji aliyewahi kuvuka kwenda kisiwa cha Changuu, Zanzibar, neno la pekee. Kobe wale, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wamezoea watu: unawalisha majani, unawakuna shingo nao huinyoosha. Usiende Galápagos na mazoea hayo. Kobe wa kule humlishi, humkuni, humkalii, humzingiri. Ukimsikia anapuliza pumzi kwa nguvu na kurudisha kichwa ndani ya gamba, umeshamkaribia mno na umemkatiza kula. Toka.

Tembea ndani ya njia. Njia zimewekewa vijiti vyeupe na vyeusi. Ukigundua uko upande usiotakiwa wa vijiti hivyo, rudi ulipotoka kwa nyayo zako zile zile. Pembeni ya njia kuna mashimo ambamo iguana wametaga, na mchanga juu yake ni mwembamba. Kwenye lava changa, kama ile ya Ghuba ya Sullivan, huota dungusi wadogo ambao ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kushika mwamba mtupu. Mguu mmoja unafuta kazi ya miaka. Vaa viatu vilivyofunika vidole, maana lava hiyo inakata kama chupa iliyovunjika.

Na njia ikikaliwa? Hili hutokea kila siku. Ndege wa miguu ya buluu, ambaye wenyeji humwita piquero, hutaga juu ya ardhi tupu na akipenda hutaga katikati ya njia yenyewe, kisha hukizungushia kiota chake duara jeupe la kinyesi. Njia hiyo sasa ni yake. Mwongozaji ataamua kama kundi litazunguka au litageuza. Usimhimize ndege kwa kupiga makofi, usimtikisie kofia, usilalamike kwamba umekuja kutoka mbali.

Usimwokoe kinda. Hili ni gumu kuliko yote, na nalieleza kirefu kwa kuwa wenye huruma ndio wanaolivunja. Piquero wa Nazca, ambaye utamwona Genovesa na Española, mara nyingi hutaga mayai mawili. Yakianguliwa yote, kinda wa kwanza humsukuma mdogo wake nje ya kiota. Mdogo hujaribu kurudi akitambaa, husukumwa tena, na hatimaye hufa kwa jua, njaa au mdomo wa ndege mwingine, huku mzazi amesimama pale pale asimwinue. Utaliona hilo kutoka mita mbili na mkono wako utataka kwenda. Uzuie. Yai la pili ni akiba endapo la kwanza litaharibika, na bahari ya kule haitoshi kulisha makinda wawili. Ukimrudisha kiotani atasukumwa tena. Ukimbeba umevunja sheria na umemshika mnyama ambaye hukupewa. Kama huwezi kutazama, geuka.

Ndege mgonjwa ni jambo jingine: mwambie mwongozaji mara moja, usimkaribie. Mafua ya ndege yalithibitishwa visiwani humo Septemba 2023, na baadhi ya maeneo yakafungwa. Eneo likifungwa siku ya zamu yenu, limefungwa. Usidai fidia kwa mabaharia.

Usitumie flashi. Usipeleke droni, imekatazwa, na ndege wanaoatamia huitazama kama mwewe. Usimpe mgongo simba bahari dume ili upigwe picha naye. Dume mwenye ufukwe wake ana uzito wa wanaume watatu na meno yanayofanana na ya mbwa mkubwa, na katika wanyama wote wa visiwa hivi huyu ndiye atakayekukimbiza kweli.

Usivute sigara, usiwashe kitu. Mwaka 1820 baharia mmoja wa meli ya nyangumi iitwayo Essex aliwasha moto kwenye kisiwa cha Floreana akiwatania wenzake. Ulikuwa wakati wa ukame. Moto uliwatoroka, wakakimbia kuupita kuelekea pwani, na kisiwa kiliendelea kuwaka wakiwa tayari wako mbali baharini.

Usiandike jina lako popote. Kwenye kuta za mawe za Tagus Cove, Isabela, kuna majina ya meli na mabaharia yaliyochorwa tangu karne ya 19. Watu huyapiga picha kama historia. Wewe usiongeze hata herufi moja. Uliyechelewa karne mbili utaitwa mharibifu, na ndivyo ulivyo.

Usile kitu ukiwa kisiwani. Maji ya kunywa peke yake, kwenye chupa ya kudumu uliyojaza melini. Ukirudi botini, osha miguu na viatu kwa maji ya bahari kabla hujapanda meli, usihamishe mchanga na mbegu za kisiwa hiki kwenda kingine. Fernandina, kisiwa ambacho volkeno yake ililipuka Machi 2024, hakina mbuzi, panya wala paka. Visiwa vikubwa vya namna hiyo vimebaki vichache sana duniani, na kimebaki hivyo kwa sababu watu wanaosha miguu.

Majini

Unaposhuka ufukweni ndani ya maji, buruza nyayo mchangani. Taa wenye mwiba hulala humo wamejifunika mchanga, nao huondoka wakisikia mtikisiko. Ukikanyaga kwa kunyanyua mguu utamkanyaga mmoja mgongoni.

Vaa vazi la mpira la kuogelea hata kama unajiona shujaa. Msimu wa mkondo baridi maji hushuka hadi nyuzi 18 hadi 20 hivi, na upande wa magharibi wa Isabela, ambako maji ya kilindi hupanda juu, huwa baridi zaidi. Ndiyo maana pengwini huishi pale, karibu kabisa na ikweta. Mtu aliyezoea bahari ya Mombasa hupoteza pumzi dakika za kwanza. Elea kwanza, tulia, ndipo uogelee.

Usimfukuze kasa. Kasa hupumua hewa kama wewe. Anayekimbia mbele ya watu kumi wenye kamera hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi kwa wakati wake. Baki kando yake, si nyuma wala juu yake, naye ataendelea kula majani. Usimshike mkia papa aliyelala chini ya mwamba. Usiingie kati ya simba bahari dume na majike wake. Akianza kubweka na kutoa mapovu karibu nawe, rudi botini bila kupiga maji mateke.

Usijipake mafuta ya jua dakika moja kabla ya kuruka. Vaa shati la mikono mirefu la kuogelea, upunguze mafuta. Na ukishindwa na mkondo, inua mkono mmoja. Boti iko pale kwa ajili hiyo. Kunyamaza kwa aibu kumewazamisha watu waliojua kuogelea.

Mjini

Visiwa vinne vina wakazi, jumla yao ni watu wapatao 30,000, na walio wengi wako Puerto Ayora na Puerto Baquerizo Moreno. Ni miji ya watu wenye shule, misiba na madeni, si jukwaa la utalii. Maji safi ni ya shida: oga haraka. Mirija, mifuko ya plastiki na vyombo vya kutupwa vilipigwa marufuku mwaka 2018, basi usiviombe.

Kwenye soko la samaki la Puerto Ayora utaona simba bahari akiegemea meza ya mvuvi kama mteja, na wari wamejipanga nyuma yake. Tazama. Usiwatupie kitu. Mnyama anayelishwa na wageni huanza kuwadai wageni, na siku akimng'ata mtoto atakayelaumiwa ni yeye.

Usinunue shanga wala pete za matumbawe meusi, hata ukiambiwa ni ya zamani. Usinunue gamba, jino wala pezi la papa. Agosti 2017 meli ya Kichina ilikamatwa ndani ya bahari iliyolindwa ikiwa na maelfu ya papa ndani ya ngama yake, na mabaharia wake walihukumiwa kifungo. Mnunuzi wa kipande kimoja anaendesha biashara ile ile.

Siku ya kuondoka

Kama meli yenu ilipita Ghuba ya Posta kule Floreana, umeliona pipa ambalo wawindaji wa nyangumi walianza kuachia barua tangu mwishoni mwa karne ya 18, ili meli inayorudi kwao izibebe. Desturi ingalipo. Ukichukua kadi iliyoandikiwa mtu wa Tanga, Kisumu au Muscat, uipeleke kwa mkono wako hadi mlangoni. Usiichukue kama kumbukumbu. Kama hukusudii kuifikisha, irudishe pipani imngoje mwingine.

Kung'uta nguo zako zote kabla ya kufunga begi. Toa mchanga viatuni. Kagua mifuko ya watoto, kwa sababu mtoto huokota na mzazi hajui. Kipande cha lava, kombe, unyoya, mfupa mweupe uliookota ukidhani hauna mwenyewe: vyote ni vya Hifadhi, na kuvitoa ni kosa. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya eksirei. Machi 2021, kwenye uwanja wa ndege wa Baltra, mashine hiyo ilionyesha kitu kisichoeleweka ndani ya sanduku lililokuwa likipelekwa bara. Maofisa walipolifungua walikuta watoto wa kobe 185 wamefungwa kwa plastiki mmoja mmoja, na 10 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Tangu hapo usitarajie ofisa atabasamu akikuambia ufungue begi. Fungua. Na kama umekuta jiwe mfukoni ukiwa bado kwenye foleni, mpe kabla hajakuuliza.